Mama Sponji na Jina la Kuazima

Hii ukiisoma utasema nimetunga. Sawa, sema. Ila kaa chini kwanza, usije ukaanguka bure.

Kuna mwanamke alibeba mimba miezi tisa. Akazaa. Akanyonyesha mwaka mmoja na nusu. Halafu siku moja, saa nne asubuhi, jua kali, watu wamejaa benchi zote, karani wa hospitali akamwambia hivi: "Dada, wewe si mama wa mtoto huyu."

Mwanamke akatafuta karatasi ya kumkatalia. Hakuna! Kila karatasi iliyopo ilikuwa inamuunga mkono karani.

Na unajua nani aliziandikisha karatasi hizo? Yeye mwenyewe. Hakulazimishwa na mtu. Tena alifanya vile kwa sababu alimpenda mtoto.

Haya, turudi mwanzo.

Mwanamke huyu wanamwita Mama Sponji. Mume wake wanamwita Fundi, hata mkewe humwita Fundi. Kazi yao ni makochi. Wamepanga vyumba viwili kando ya barabara. Cha mbele ni karakana, cha nyuma wanalala, katikati pazia. Harufu ya gundi haitoki hata ufungue madirisha yote.

Fundi anaunda fremu za mbao. Anavuta mikanda ya mpira, anapanga sponji, anabana kitambaa kwa bastola ya pini. Ta! Ta! Ta! Mke anakaa kwenye cherehani. Anashona vitambaa vya mito, zipu nyuma, mshono ndani. Mteja akikaa juu ya kochi lao anafumba macho kidogo. Hapo wanajua limeuzika.

Binti yao alizoea kulala juu ya mabaki ya sponji pembeni ya cherehani. Alikuwa mnene, mlaini. Ndiyo maana wakamwita Sponji. Majirani walikuwa wanamtania Fundi: "Siku ukipungukiwa mto mmoja, mweke huyu. Mteja hatajua."

Hawa si wenyeji. Walitoka nchi nyingine wakiwa vijana wa miaka ishirini na mbili, na begi moja na mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa. Kwao palikuwa hapakaliki. Hilo tuliache.

Walichokuwa nacho hapa ni barua. Hawakuwa na kitambulisho wala kibali, barua tu. Inasema maombi yenu ya hifadhi yamepokelewa, subirini. Kila baada ya miezi mitatu wanaipeleka uhamiaji igongwe muhuri. Karani akigonga, wanapumua. Mwezi wa tatu ukikaribia, wanaacha kupumua.

Unajenga vipi maisha juu ya barua? Fundi alitamani cherehani nzito ya kushonea ngozi.

"Tununue," alisema. "Makochi ya ngozi ndiyo yanayotakiwa."

"Wakitufukuza utaibeba kichwani?" mkewe akamjibu.

Basi, hawakununua. Hata ukuta hawakuupaka rangi. Kila kitu ndani ya nyumba ile kilikuwa kinasubiri.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la vitambaa. Mwenye duka ni dada mmoja mwenyeji, raia kamili, kazaliwa mtaa huo huo. Wanamwita Madoido, maana hata akienda kumwaga taka anavaa hereni. Huyu ndiye aliyewauzia kitambaa cha kwanza kwa mkopo. Ndiye aliyewapeleka kwa mwenye nyumba. Mama Sponji alimwita dada. Madoido alimwita mdogo wangu. Na hawakuwa wanaitana hivyo kwa mdomo tu.

Sasa sikiliza kosa lilipoanzia.

Siku ya uchungu, hata hiyo barua walikuwa hawajaipata. Na watu waliokuja kama wao walikuwa na maneno yao. Ukienda hospitali bila kitambulisho, wanapiga simu uhamiaji. Wanakuchukua na kichanga kifuani. Kila mtu aliyasimulia. Ukimuuliza, "Ulimwona nani akichukuliwa?" anasema, "Mimi nilisikia." Ukienda kwa aliyemwambia, naye alisikia.

Lakini mwenye uchungu hafanyi uchunguzi. Mama Sponji aligoma kwenda.

"Nitazalia hapa hapa," alisema, kashika mguu wa kochi.

"Juu ya gundi?" Madoido akafoka. "Una wazimu? Chukua kadi yangu. Jina langu, kila kitu changu. Nyuso zetu zote mviringo."

"Dada, wataona picha."

"Picha yenyewe ya miaka tisa iliyopita! Hata mimi sijifanani. Twende."

Wakaenda. Nesi hakuangalia picha. Alikuwa anaangalia mtoto anavyotoka. Akaandika jina lililokuwa kwenye kadi.

Cheti cha kuzaliwa kikatoka. Mahali pa mama, jina la Madoido. Ubini wa mtoto, ubini wa baba yake Madoido. Mahali pa baba, kistari.

Fundi alikiangalia kile kistari. "Yaani mimi ndiyo hiki?"

Wakacheka wote watatu. Madoido akasema, "Shemeji, angalau umenyooka!" Wakacheka tena. Waliona wamewashinda wakubwa wa ofisi. Tena walijiambia mtoto kawa raia, basi, huyu hatafukuzwa.

Miezi minne baadaye wakaitwa uhamiaji kwenye maombi yao. Ofisa akauliza, "Mna watoto?"

Mama Sponji alikuwa amemwacha mtoto dukani kwa Madoido. Akafikiri haraka. Nikisema ninaye, wataomba cheti. Cheti kina mama mwingine.

"Hatuna," akasema.

Ofisa akaandika: hawana. Mama Sponji aliporudi nyumbani, maziwa yalikuwa yamevuja hadi blauzi imelowa mbele.

Uwongo wa kwanza huo, na wa pili huo. Sasa tuone ulivyowarudia.

Sponji alipofika miaka miwili na nusu, Mama Sponji aliona uvimbe kwenye kinena chake. Mtoto akilia au akikohoa, unatokeza kama yai dogo. Akilala, unarudi ndani. Akampeleka hospitali.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alibonyeza taratibu, akasema, "Hii ni ngiri. Utumbo unapita kwenye tundu dogo. Dawa yake ni upasuaji, si mkubwa. Nawapangia tarehe. Wewe ni nani wake?"

Kwenye kadi ya kliniki jina lilikuwa la Madoido. Mara mbili tatu Madoido alikuja mwenyewe, siku nyingine Mama Sponji alimleta na kujiita mama mdogo.

"Mama mdogo," alisema.

"Mama, mkojo," Sponji akasema, anamvuta sketi.

Daktari akacheka. "Kakuzoea kweli. Sasa, siku ya upasuaji mama mzazi aje na kitambulisho, asaini fomu ya ridhaa. Na unisikilize vizuri. Uvimbe ukiwa mgumu, ukikataa kurudi ndani, mtoto akitapika, usisubiri tarehe. Kimbieni siku hiyo hiyo. Umenielewa?"

"Nimeelewa, daktari."

Alitoka pale akaenda moja kwa moja ng'ambo ya barabara. Madoido alikuwa anapima kitambaa cha pazia. Akamsubiri mteja atoke, akaeleza.

Madoido alikunja mita yake polepole. "Lini?"

"Jumatano ijayo."

"Mdogo wangu, siwezi."

Mama Sponji alidhani hakusikia vizuri. "Ni kusaini tu, dada. Dakika tano."

"Mwalimu hajui."

Hapa nikueleze. Mwalimu ni mchumba wa Madoido. Mtu wa watu, anafundisha shule ya msingi, anatembea na chaki mfukoni. Harusi ilikuwa baada ya wiki tatu. Na mama yake Mwalimu alikuwa mwanamke wa kuchunguza. Alishauliza kwa majirani, alishauliza kwa binamu. Alichotaka kujua ni kimoja: je, bibi harusi alishawahi kuzaa?

"Nilimwambia Mwalimu sijawahi," Madoido alisema. "Na ni kweli sijawahi! Lakini nikisaini hospitali kwamba mimi ni mama, jamaa yake mmoja ni nesi pale. Nitajieleza nini? Kwamba nilidanganya serikali au kwamba nilimdanganya mume? Chagua wewe."

"Mwambie Mwalimu ukweli."

"Nimwambie nilitoa kitambulisho changu mtu akazalie? Atasema leo nimekopesha jina, kesho nitakopesha nini?" Macho yake yalijaa. "Subiri harusi ipite. Wiki tatu. Daktari kasema si ya haraka. Nilikupa kadi, mdogo wangu. Sikukupa maisha yangu."

Mama Sponji alivuka barabara kurudi. Hakukasirika. Hicho ndicho kilichomuuma, kwamba hakuwa na haki ya kukasirika.

Jumatano ikapita. Wakasubiri. Fundi alimbeba Sponji siku nzima asilie. Akilia wanampa chochote anachotaka. Alipewa mita ya kupimia, akapewa hadi boksi la zipu.

Wiki ya pili, Jumatatu asubuhi, Sponji aliamka analia, na kilio hakikuwa cha kudeka. Mama akamfunua. Uvimbe ulikuwa mgumu kama jiwe, ngozi imekuwa nyekundu. Akajaribu kuugusa, mtoto akapiga yowe. Kisha akatapika, kijani.

"Fundi!"

Fundi aliacha bastola ya pini juu ya kochi la mteja. Hawakufunga hata mlango.

Hospitali, daktari aliangalia mara moja tu. "Utumbo umenasa. Chumba cha upasuaji, sasa. Mama yuko wapi asaini?"

Ndipo tukafika kwa yule karani na yale maneno yake. Mama Sponji alikuwa amepiga kelele, "Mimi ndiye mama! Nipe nisaini mimi!" Karani akaangalia kompyuta yake. Akaangalia kadi ya kliniki. Akasema alichosema. Wala hakusema kwa ubaya. Alikuwa anasoma tu.

"Nilimzaa mimi!"

"Dada, hapa umeandikwa mama mdogo. Wiki mbili zilizopita. Ulisema mwenyewe."

Benchi zima likageuka. Bibi mmoja akanong'ona, "Mwizi wa watoto."

Wakamwita mwanamke wa ustawi wa jamii. Mtu mzima, miwani imening'inia kifuani, viatu vya kutembelea sana. Kwanza hakumuuliza mtu kitu. Alimgeukia daktari.

"Mtoto anaweza kusubiri karatasi?"

"Hawezi."

"Basi ingieni. Dharura haingoji saini. Madaktari wawili wanasaini, mimi nashuhudia. Nendeni!"

Kitanda kikasukumwa. Sponji alikuwa amenyoosha mkono. Mlango ukafunga.

Kisha mwanamke wa ustawi akamwambia karani, "Mpigie mama aliyeandikwa." Karani akapiga, akaiweka sauti wazi.

"Halo, hapa hospitali. Mwanao yuko chumba cha upasuaji. Tunaomba ufike."

Nyuma ya simu ikasikika sauti ya mwanaume, karibu kabisa: "Mwanao nani?"

Mama Sponji alifumba macho. Alimwona Madoido kama vile yuko mbele yake, na hereni zake.

"Mmekosea namba," Madoido alisema. "Mimi sina mtoto."

Simu ikakatwa.

Mwanamke wa ustawi alivua miwani. "Sasa nisaidieni. Nina mtoto ambaye mama yake wa kwenye karatasi kamkana. Nina mama mdogo anayesema yeye ndiye mama. Nina mwanaume aliyembeba huku analia, na kwenye cheti ni kistari. Mnajua akitoka humo ndani sheria inaniambia nimpeleke wapi?"

Akairudisha miwani usoni.

"Makao ya watoto."

Fundi alimvuta mkewe hadi kwenye ngazi. "Akizinduka tu namchukua. Tunapitia mlango wa jikoni. Kesho tuko mji mwingine."

"Na kidonda?"

"Nitakisafisha mimi."

"Fundi! Wewe unabana makochi." Akamshika shati. "Halafu huko twende na nini? Cheti kile kile? Ataanzaje shule? Akiumwa tena nitakuwa nani, shangazi?"

"Ukisema ukweli, wanasoma faili letu. Tuliandika hatuna mtoto. Wanatufukuza. Miaka yote hii, wateja, makochi, kila kitu, basi."

"Najua."

"Sasa?"

Alikaa kwenye ngazi. Wagonjwa wakawa wanamruka. Kisha akasimama, akarudi kwa mwanamke wa ustawi, akasema kila kitu. Kadi, kistari, maziwa kwenye blauzi. Aliongea haraka haraka, kama mtu anayetapika.

Mwanamke wa ustawi alimsikiliza hadi mwisho.

"Binti yangu," alisema, "mimi si polisi, wala si uhamiaji. Kazi yangu ni huyo mtoto. Lakini sikudanganyi. Kuandikisha mtoto kwa jina la mtu mwingine ni kosa. Utaulizwa. Huenda mkaumia. Ila anayekuja mwenyewe, ana mwanasheria pembeni, husikilizwa vizuri kuliko anayekamatwa."

"Sina mwanasheria, mama."

"Kuna kituo cha msaada wa kisheria. Hawatozi. Nitakuandikia barua leo. Watapima vinasaba. Mate yako, mate ya baba, mate ya mtoto. Ukiwa mama, kipimo kitasema. Kisha mnaenda mahakamani kuomba sajili irekebishwe."

"Na leo? Akitoka humo?"

Mwanamke wa ustawi aliangalia chini. "Leo siwezi kumkabidhi kwako. Naamini unachosema. Lakini siruhusiwi kumtoa mtoto kwa kuamini."

Mama Sponji akauliza kile kilichokuwa kinamsumbua tangu asubuhi. "Siku ile ya kuzaa, ningekuja bila kadi, mngeita uhamiaji?"

"Hapana. Ungesema jina lako kwa mdomo, tungeliandika. Hapa mwenye uchungu haulizwi kibali. Mahali pengine taratibu zinaweza kuwa tofauti, ndiyo maana mtu anauliza mapema, kwenye kituo, kwa anayejua. Haulizi kwa waliosikia kwa waliosikia." Akashusha sauti. "Na cheti, mwanangu, kinasema mtoto kazaliwa na nani, wapi, lini. Jina la kuazima halimpi uraia. Likigundulika linafutwa, na mtoto anabaki hana kitu kabisa."

Upasuaji ulienda vizuri. Utumbo ulikuwa haujaharibika. Mama alionyeshwa Sponji kupitia kioo, akiwa amelala, mdomo wazi.

Siku ya tano Sponji akapelekwa makao ya watoto.

Alikaa huko siku arobaini na moja.

Niende polepole hapa? Hapana, niende haraka, maana hata kuandika inaniuma. Waliruhusiwa kumwona Jumanne na Jumamosi, kwa muda wa saa moja tu, mlezi akiwa amekaa pembeni. Ziara za mwanzo Sponji alimganda mama, wakawa wanambandua kama gundi. Baadaye akaacha kulia wakiondoka. Walezi walikuwa watu wema. Wakiona mgeni wake wanamwambia alichoandikiwa kwenye faili: "Haya, mama mdogo kaja!"

Ziara ya kumi, Sponji alikimbilia mlezi, akamwita mama. Kisha akamgeukia mama yake, akampungia mkono kwa adabu.

"Mama mdogo," alisema.

Mama Sponji alitabasamu hadi saa ilipokwisha. Alipofika barabarani akakaa chini, kwenye vumbi, Fundi akashindwa kumwinua.

Kipimo kikatoka. Mama ni yeye, baba ni Fundi. Lakini mwanasheria wa kituo, kijana mwenye begi lililokatika mkanda, alisema bado kuna jambo. "Hakimu atataka kumsikia mwenye kadi. Asipokuja, kesi itavuta miezi."

Nani amwambie Madoido? Tangu ile simu walikuwa hawajasemeshana. Duka lilifunguliwa kila siku, pazia nusu. Mwanasheria akampelekea wito.

Na Madoido akaja! Bila hereni. Alisimama mbele ya hakimu, akaambiwa aeleze.

"Kadi ilikuwa yangu," alisema. "Nilimpa mimi. Hakuiba. Mtoto ni wake. Mimi sijawahi kuzaa."

"Kwa nini ulimpa?"

"Alikuwa anaogopa. Na mimi nilikuwa sijui sheria."

Mwalimu alikuwa kiti cha nyuma kabisa. Alisikia yote. Kabla hakimu hajamaliza kuandika, akainuka akatoka. Harusi ilishaahirishwa mara moja, sasa ikafa kabisa. Watu wanasema Mwalimu alimwambia hivi: jambo la kadi angelisamehe, lakini alimsikia kwenye simu akimkana mtoto aliye chini ya kisu, na tangu siku hiyo hajui atamwamini lini.

Hakimu aliwatoza faini wote wawili, Mama Sponji na Madoido, na akawapa onyo kali. Hakuwafunga, kwa kuwa wote wawili walisema ukweli wenyewe. Akaamuru sajili isahihishwe.

Cheti kipya kikatoka. Mama, jina lake mwenyewe. Baba, jina la Fundi, herufi zote. Fundi alilisoma mara nne. Safari hii hakuna aliyecheka.

Sponji akarudi nyumbani. Siku ya kwanza alizunguka karakana akigusa kila kochi, kama mgeni. Siku ya tatu alilala kwenye mabaki ya sponji. Ilichukua wiki mbili nzima kusema "mama" bila "mdogo" nyuma yake. Hadi leo, pazia la katikati likifungwa, anapiga kelele. Kwa hiyo hawalifungi tena.

Na uhamiaji? Walikwenda na mwanasheria, wakasema tuliandika hatuna mtoto, tunaye, huyu hapa. Ofisa alikunja uso. Hakuwafukuza. Lakini faili lao lilirudishwa nyuma ya foleni, na muhuri wa miezi mitatu ukawa wa kila mwezi. Bado wanasubiri. Tofauti ni kwamba sasa wanasubiri watatu, wakiwa wameandikwa watatu.

Mwezi uliopita, binti mmoja anayesuka nywele kwenye kibanda cha jirani alikuja karakana. Naye katoka mbali, hana hata barua. Tumbo limeshuka.

"Mama Sponji," alisema, anacheka cheka kwa aibu, "kuna mtu kaniahidi kadi. Nasikia wewe ulifanya hivyo."

Mama Sponji alizima cherehani. "Kaa hapo."

"Ah, usinihubirie."

"Sihubiri. Kaa." Akamwonyesha cheti kipya, akamsimulia ya makao ya watoto, hadi ile "mama mdogo" ya Sponji. Binti akaacha kucheka. Kesho yake asubuhi wakaenda wote kituo cha msaada wa kisheria. Akaelezwa haki zake, akapewa namba ya simu ya kupiga akibughudhiwa. Wiki iliyofuata alijifungua mtoto wa kiume kwa jina lake. Karani alimuuliza herufi moja tu ya jina lake inavyoandikwa. Hakuna simu iliyopigwa popote.

Hiyo ndiyo heri iliyopatikana. Ni ndogo, lakini ipo.

Ila kuna jambo halijaisha. Madoido yuko pale pale, hatua ishirini ng'ambo ya barabara. Faini alilipa mwenyewe. Mchumba hana. Wateja wengine wamemkimbia, wanamwita mwanamke aliyekana mtoto, ingawa mtoto hakuwa wake. Kitambaa cha makochi Mama Sponji anakinunua mbali sasa, kwa aibu. Kila asubuhi wanafungua milango saa moja. Wanaonana. Mmoja anainamisha kichwa, mwingine anavuta pazia.

Mara mbili Mama Sponji ameshika mkono wa Sponji avuke naye. Mara mbili Fundi amemwambia, "Muache, utamtonesha." Amerudi ndani.

Huyu ndiye aliyemwokoa siku ya uchungu. Huyu ndiye aliyemkana mwanawe. Na huyu ndiye aliyesimama mbele ya hakimu akasema "mtoto ni wake," akijua nani kakaa kiti cha nyuma.

Sasa nakuuliza wewe unayesoma, na usinijibu haraka. Ingekuwa ni wewe, asubuhi ya kesho, milango imefunguliwa, barabara haina gari. Ungevuka? Na ukishafika pale mlangoni, ungeanza na neno gani?